Picha ya Mke Mwenza

Mwanakhamis binti Masoud, wa Shumba Viamboni, hakuwa mwanamke wa kelele, na wenziwe wa pwani walimjua hivyo. Bamvua likiingia, maji yakapwa mbali, wanawake hutoka pamoja kwenda kufunga mwani. Wengine hufanya kazi huku wakiimba na kusengenya. Yeye alipachika miche yake kwenye kamba, akaikaza kamba vigingini, akajaza gunia lake na kurudi kwa watoto. Aliolewa na Nyange akiwa na miaka kumi na minane, na hata alipofika thelathini majirani hawakuwa na la kuisema nyumba yake.

Nyange alinunua mwani mkavu kwa wanawake wa vijiji vya kaskazini akaupeleka Wete kwa gari ya mizigo. Katika kuzunguka kwake ndipo alipomwona Zulekha, binti wa Mzee Bakar wa Micheweni, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyefundisha watoto wadogo katika skuli ya maandalizi. Akamposa. Katika hilo hakufanya siri. Alimjulisha mke wake, akatoa mahari, Shehe Soud akafunga ndoa mbele ya mashahidi, na zamu zikagawiwa kama inavyotakiwa, siku mbili Shumba na siku mbili Micheweni. Mwanakhamis alisema, "Mungu akupe uadilifu," akaingia jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Wivu wake ulikuwa wa chini kwa chini. Nyange akirudi alimpokea kanzu na kuinusa kabla ya kuitia majini. Alimuuliza mwenziwe anapika nini. Akijibiwa alikasirika, asipojibiwa alikasirika zaidi. Siku moja Nyange aliteleza ulimi akasifu chapati za Micheweni. Tangu siku hiyo Mwanakhamis hakupika tena chapati, akasema unga wa siku hizi umeharibika. Watoto wakalalamika, wakazoea.

Kitu kimoja kilimtuliza, nacho ni zamu. Siku zake zikifika alitandika shuka zake za harusi, akafukiza udi, akawalaza watoto mapema. Zulekha angekuwa mzuri vyovyote, siku hizo alikuwa Micheweni, na Mwanakhamis alikuwa na mumewe ndani ya mlango uliofungwa.

Kisha simu ikaanza kuingia katika zamu hizo.

Nyange, ambaye zamani alikula huku akisimulia habari za mizani na madereva, sasa alikula kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika simu, kioo kimeelekezwa ukutani. Alitabasamu peke yake. Mwanakhamis alimtazama mpaka wali ukapoa.

"Nani huyo?"

"Wateja."

"Wateja wa mwani?"

"Ndiyo, wateja wa mwani. Wengine wepi?"

"Loo. Wateja siku hizi wanachekesha."

Ijumaa moja, katika zamu yake, Nyange alikoga, akavaa kanzu, akatoka kwenda kusali. Simu aliiacha dirishani ikichaji. Mwanakhamis alikuwa akichambua mchele. Simu ikatetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena. Namba za siri za kuifungulia alizijua bila kuambiwa, maana aliziona kila siku zikibonyezwa: mwaka aliozaliwa Yussuf, mtoto wao wa kwanza. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akaifungua.

Alikuwa Zulekha. Nywele zimeachiwa, mabega wazi, na mengine ambayo hayafai kuandikwa, kwa sababu yalikusudiwa mtu mmoja tu ayaone. Chini yake maneno: "Najua leo ni zake. Nikumbuke mimi."

Mwenye akili ya kawaida angedhani Mwanakhamis alifikwa na haya. Hakufikwa na haya. Kilichompanda kifuani ni kwamba yule mtoto wa watu ameingia chumbani mwake, katika siku zake, akakaa kwenye shuka zake za harusi, na hakuna mlango wa kumfungia. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa kuijua. Alitazama shingo. Alitazama ngozi, laini, haijapata kuliwa na chumvi. Akatazama vidole vyake mwenyewe, vilivyopasuka kwa kamba na maji ya bahari, vikishika simu ya mume wake. Kisha akajitumia ile picha kwenye simu yake, akafuta alama zote, akairudisha simu ya Nyange dirishani kwa namna alivyoikuta.

Hapo ndipo alipovuka. Mwanamke aliyekuta asilolipenda katika simu ya mumewe ana njia ya haki: amngoje arudi msikitini, amweke mbele, amwambie zamu yangu ina haki yake, na simu hii isiingie humu. Mwanakhamis alikuwa na ulimi wa kusema hivyo na hakusema. Alimwandalia chakula, akamuuliza hotuba ya leo ilihusu nini.

Alikaa na picha ile siku nyingi. Pwani, wenziwe wakiinama, yeye aliichungulia chini ya kanga. Kila akiitazama ilimuuma, na kila ikimuuma aliitazama tena.

Nyange alikuwa na dada yake mkubwa, Bimkubwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na sifa yake Shumba nzima ilikuwa moja. Harusi za wanawake, wanapoingia ndani wakavua baibui na kuachia nywele wacheze, Bimkubwa ndiye aliyeketi mlangoni na kapu. Kila simu iliingia kapuni. Hakujali wewe ni mtoto wa nani. Aliwahi kumrudisha shangazi wa bibi harusi aliyekataa kutoa simu yake, akamwambia, "Nenda kasherehekee na simu yako huko njiani." Watu walimshukuru kwa hilo, na walikuwa na haki ya kumshukuru.

Asubuhi moja alikuja kwa Mwanakhamis kumjulia hali, akaketi kwenye mkeka, akatoa kipande cha keki kilichofungwa karatasini.

"Katengeneza wifi yangu mdogo. Kaniletea mwenyewe mpaka mlangoni. Yule mtoto ana adabu, haki ya Mungu. Kaja kichwa kimefunikwa mpaka hapa, hata macho hanyanyui."

Mwanakhamis hakuipokea keki.

"Kichwa kimefunikwa," alisema.

"Mpaka hapa, nakwambia. Wachache siku hizi."

"Basi wifi, hebu nikuoneshe hicho kichwa kilichofunikwa."

Bimkubwa alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza machoni, akaisogeza mbali. "Subhanallah! Hii n'nini? Umeipata wapi?"

"Usiniulize nimeipata wapi. Nakuonesha weye tu, ujue ndugu yako kaleta nini."

"Nitumie."

"Ya nini?"

"Nitumie, nikamwoneshe mama yake. Mtoto hafunzwi kwa maneno matupu. Hebu nitumie, uache woga."

Mwanakhamis alimtumia. Kwa kubonyeza mara moja, bila ya kunyanyuka alipokaa.

Bimkubwa hakwenda kwa mama yake Zulekha. Siku hiyo hiyo aliitia picha katika kikundi cha simu cha wanawake wanaoshughulikia harusi za Shumba, akaandika chini yake, "Tazameni walimu wa watoto wetu, kisha futeni." Baadaye, alipoulizwa mwenye kapu la simu amewezaje kufanya hivyo, alishangaa kwa dhati. "Humo si wanawake watupu?" alisema. "Mwanamume hamna hata mmoja. Humo ni ndani!" Aliamini hivyo kweli. Alidhani kikundi kile ni kama ule ukumbi wa harusi, penye mlango na yeye ameketi mlangoni. Hakufikiri kwamba kila mwanamke wa kikundi kile ana mume anayeazima simu yake, na ndugu, na mtoto anayeichezea. Kabla ya alasiri picha ilikuwa kwenye barza za wanaume Micheweni. Wale waliokuwa wakimwita "mwalimu" asubuhi walimwita jina jingine jioni.

Zulekha aliambiwa na wakuu wa skuli akae nyumbani kwanza. Alirudi kwa baba yake, akajifungia chumbani. Wazazi wawili waliokuwa wakimletea watoto wao kwa mkono walipita mlangoni kwa Mzee Bakar bila ya kutoa salamu.

Siku ya pili yake Nyange alitokea Shumba, na haikuwa zamu ya Shumba. Aliketi, akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Umesikia."

"Nimesikia," alisema Mwanakhamis, akamtilia chai.

"Ntamwacha. Ntamwacha mbele ya baba yake na shehe, wasikie wote. Ana mtu. Yuko Wete, nadhani alisoma naye chuo. Kamtumia, na huyo mtu kamwanika."

Mwanakhamis alikoroga sukari. Siku nne kwa nne zitakuwa zangu, aliwaza. Mwezi mzima. Ramadhani yote. Sikukuu zote mbili.

"Weye hukutumiwa?" aliuliza, macho kwenye kikombe.

"Miye? Nitumiwe nini, miye mtu mzima?"

Alijua anadanganya. Ndiye mtu pekee duniani, ukimtoa Zulekha, aliyejua kwa yakini kwamba Nyange anadanganya. Na uongo ule ulimfaa, basi akaongeza sukari na kumsogezea kikombe.

Kikao kiliwekwa Jumamosi asubuhi nyumbani kwa Mzee Bakar. Mke mwenza hana kazi katika kikao kama hicho, lakini Bimkubwa alimpitia. "Vaa twende, ukasikie kwa masikio yako," alisema, na Mwanakhamis alivaa baibui lake jipya. Alitaka kuisikia ile talaka ikitamkwa. Alitaka kuona uso wa mwenziwe ikitamkwa.

Wanaume waliketi ukumbini: Mzee Bakar, Shehe Soud, Nyange na wazee wawili wa mtaa. Wanawake waliketi chumba cha ndani, na baina yao pazia la maua mekundu. Zulekha alikuwa pembeni karibu na mama yake. Mwanakhamis hakuwa amepata kumwona kwa karibu ila siku ya harusi. Hakufanana na picha. Midomo ilikuwa imekauka, macho yamevimba, na ushungi umefungwa vibaya kama wa mgonjwa. Mwanakhamis alimtazama akitafuta ile furaha aliyoivalia baibui jipya.

Shehe Soud alianza. "Bwana Nyange, neno ulilolileta ni zito. Umemwona mke wako na huyo mwanamume?"

"Sikumwona, shehe."

"Unamjua jina?"

"Simjui."

"Basi umejuaje kama yupo?"

"Picha, shehe. Picha haina miguu. Kaipeleka kwa mtu."

"Aulizwe mwanangu," alisema Mzee Bakar. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Zulekha! Picha ile ulimpelekea nani?"

Zulekha alijibu akiwa amelitazama pazia. "Yeye."

"Yeye nani?"

"Yeye Nyange, baba. Mume wangu. Sijampelekea mwengine, si ile wala nyengine."

Shehe Soud akauliza, "Bwana Nyange?"

Nyange alikohoa. "Nilitumiwa... nilitumiwa, ndiyo. Nikafuta saa ile ile. Na simu yangu ina namba za siri, hakuna azijuaye ila miye. Kwa hivyo iliyotoka haikutoka kwangu."

Nyuma ya pazia Bimkubwa alimgonga Mwanakhamis goti kwa goti. Mwanakhamis hakumgeukia.

"Mwanangu Zulekha," alisema Shehe Soud, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao hakuna aliyeutegemea, "mke kujipamba kwa mume wake si jambo la aibu. Lakini kitu kikishaingia kwenye simu kimeshatoka ndani ya nyumba, na weye umesoma, unalijua hilo. Kwa nini ulituma?"

"Aliniomba."

"Na ulipokataa?"

"Nilikataa, shehe. Mara nyingi. Akanambia mke mkubwa humtumia." Maneno sasa yalimtoka mfululizo. "Kila akiwa kwangu, siku zangu, yuko na simu. Anatabasamu. Nikimuuliza nani, husema, 'Mwanakhamis huyo, kaniletea picha yake. Weye huyawezi hayo, weye mtoto.' Mimi nampikia, nafukiza, nakaa mbele yake, na macho yake yako Shumba. Nilikuwa nalia chooni asinione. Nikasema kama yeye anaingia katika siku zangu, basi nami ntaingia katika siku zake."

Mama yake alianza kulia kimya kimya.

Mwanakhamis alihisi masikio yakimwaka. Kwanza alihisi kutukanwa. Yeye, kuwekwa katika kinywa cha Nyange kama mwanamke wa mambo hayo! Siku hizo alikuwa hana hata bando. Simu yake ilikaa kabatini mpaka auze mwani. Akamkumbuka Nyange alipokuwa Tanga miaka ile kabla hajamwoa Zulekha, alivyompigia akimwomba jambo hilo hilo, na yeye akamjibu panda boti urudi. Alijua, basi. Alijua kwamba mke wake mkubwa hakupata kutuma, na alilichukua jina lake akamchoma nalo mtoto huyu mpaka akavua.

Kisha likaja jengine, na hilo lilimfika taratibu. Zile siku alizofunga mlango Shumba akilala na donge, akiwaza wanavyocheka Micheweni, Micheweni palikuwa na mtu analia chooni kwa ajili yake yeye Mwanakhamis. Kila mmoja alimlilia mwenziwe. Aliyekuwa akicheka ni mwenye simu.

"Maneno ya mwanamke aliyefumaniwa hayo," alisema Nyange ukumbini. "Atasema lolote. Shehe, naomba nitamke, tumalize."

"Ngoja," alisema Shehe Soud.

"Ningoje nini? Hakuna shahidi wa hayo aliyosema."

Mwanakhamis alikuwa na neno lile kinywani. Akilimeza, Zulekha angetoka mlango ule akiwa mwanamke aliyeachwa kwa zina. Hapana ambaye angemposa, hapana skuli ambayo ingempokea, na Nyange mzima angerudi Shumba. Asifikiriwe kuwa alishindwa na huruma peke yake. Wivu ulikuwa bado umemkaa pale pale, mpaka kwenye yale macho yaliyovimba aliyaonea gere kwa kuwa mazuri. Lakini alijua lililo kweli, na mtu mwengine alikuwa karibu kuuliwa jina lake kwa kutojulikana kweli hiyo. Aliye katika hali hiyo hana pa kujificha mbele ya Mola wake.

Akalivuta pazia upande.

"Nyamaza we!" Bimkubwa alimfinya paja. "Kaa kitako!"

"Shehe, asalaam aleikum. Miye Mwanakhamis."

Wazee wakainamisha macho. Nyange akanyanyuka nusu. "Weye umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kukusikia. Nimeshakusikia." Alimgeukia shehe. "Miye sijamtumia huyu picha hata moja tangu aliponioa. Aliniomba, yuko Tanga. Nikamwambia kama wanitaka panda boti."

Mzee mmoja wa mtaa alifunika mdomo kwa mkono.

"Na hakuna mwanamume wa Wete. Picha nimeitoa miye. Ijumaa, yeye kenda kusali, simu yake iko dirishani kwangu. Namba zake nazijua, ni mwaka wa kuzaliwa mwanangu. Nikampa wifi yangu Bimkubwa, huyu hapa, naye akaitia kwenye kikundi. Zulekha hakumpelekea mtu ila mumewe."

Kisha Zulekha akanyanyuka polepole kule ndani, akaja mpaka kwenye pazia, akamtazama Mwanakhamis usoni.

"Nimekukosea nini mimi?"

Mwanakhamis alitafuta jibu. Alikuwa nalo, tena refu, la miezi yote ile ya kunusa kanzu. Mbele ya uso ule halikutamkika.

"Hukunikosea," alisema.

Bimkubwa alipiga kite. "Basi miye ndiye mbaya! Miye niliyeweka humo ndani, wanawake watupu..."

"Bimkubwa," alisema Shehe Soud bila ya kupaza sauti, "harusini unaogopa simu isitoe picha ndani. Hii uliitoa weye kwa mkono wako. Usinielezee."

Nyange aliambiwa hatatamka neno siku ile, na hakulitamka. Aliambiwa pia mengine, mbele ya mkwewe. Kwamba mume anayemwomba mkewe picha kwa kumtishia na mke mwengine amevunja uadilifu wa zamu kuliko anayelala nje. Kwamba aliyemtuhumu mwanamke zina huku akijua picha ilikuwa simuni mwake mwenyewe amejitakia adhabu asiyoiweza. Alijibu "Ndiyo, shehe" mara nyingi. Simu ilikuwa mkononi mwake wakati wote, na haikumpitikia kuiweka chini.

Mzee Bakar ndiye aliyetaja polisi. "Serikali ina sheria ya jambo hili," alisema. "Na miye n'na haki ya kuifuata. Kwa huyu," akamnyooshea kidole Mwanakhamis, "na kwa dada mtu."

"Baba, polisi wataitazama tena," alisema Zulekha.

Mzee akakishusha kidole.

"Mimi nataka ifutwe. Nyumba kwa nyumba. Aende huyu aliyeitoa, aseme kwa mdomo wake kwamba kaitoa yeye, na imetoka wapi. Wanaume waendewe na shehe. Wanawake aende yeye."

"Na Bimkubwa?" aliuliza mama yake.

"Aanziwe Bimkubwa. Hapa hapa."

Bimkubwa alitoa simu yake mkobani. Alikuwa hajui namna ya kufuta picha kila mahali ilipo. Zulekha mwenyewe ndiye aliyeishika ile simu, akaifuta picha yake mwenyewe kwa kidole chake, huku mama yake akitazama pembeni.

"Ntakwenda," alisema Mwanakhamis. "Ntaanza kesho."

"Na mimi ntakwenda nawe."

"Weye? Ukafanye nini?"

"Nawe mtu wa kuaminiwa?" alisema Zulekha. "Nataka kuwaona macho."

Jumapili, baada ya watu kula, wake wenza wawili walionekana wakipita Shumba kwa miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, na wanawake waliacha walichokuwa wakikifanya kuwatazama. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwenye kuuza vitumbua. Aliwakaribisha, akawatandikia mkeka, akazungumza habari ya mvua. Mwanakhamis alimkata.

"Shoga, tumekuja kwa ajili ya picha. Unayo?"

"Picha gani?"

"Unaijua."

"A-a, miye nilifuta zamani. Niliambiwa ni bwana wa Wete huko kamwanika, nikasema maskini mtoto wa watu..." Hapo akamwona Zulekha anamtazama, akakoma.

"Hakuna bwana wa Wete," alisema Mwanakhamis. "Ni mke wa Nyange, alimtumia Nyange. Mume wetu. Aliyeiba simuni ni miye, kwa wivu. Hebu toa simu."

Mwenye vitumbua aliitoa. Picha ilikuwa bado iko.

Nyumba ya pili walikuta imefutwa kweli. Ya tatu mwenyewe alikataa kufungua simu, akasema yeye si mwizi, Mwanakhamis akakaa mlangoni kwake mpaka akaifungua. Ya nne mwanamke aliangua kilio, akamshika Zulekha mkono, akasema mdogo wake aliyeko Makoongwe alipata jambo kama hilo na hakuna aliyewahi kumpitia. Kila nyumba Mwanakhamis alisema maneno yale yale, na hayakuwa mepesi zaidi kwa kurudiwa. Wengine walimwonea huruma, wengine walimdharau, na mmoja alicheka. Zulekha aliketi wima, akawatazama macho, na wao ndio waliokuwa wakiinamisha.

Kwenye njia ya mawe kuelekea upande wa pili wa kijiji, jua likiwa limewapiga vizuri, Zulekha alisema, "Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

Wakaenda.

"Kweli hukupata kumtumia?"

"Kamwe."

"Hata moja? Hata ya kawaida, umevaa?"

"Hata moja."

Zulekha alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi uso wake ulibadilika, na Mwanakhamis aliujua ule uso mara moja, kwa kuwa ni wake mwenyewe, wa kila siku aliyoinusa kanzu.

"Na bado alikuwa akija kwako," alisema Zulekha. "Kila zamu. Hakosi hata moja. Kwa nini?"

Kila jibu alilokuwa nalo Mwanakhamis lingemuumiza. Alifunga vizuri kanga yake, akatangulia mpaka kwenye mlango unaofuata, na safari hii alingoja mwenziwe afike kwanza ndipo akapiga hodi.